Usinunue baiskeli nyingine kwa sababu ya mteremko

Swali: Naishi Ruaka, nina miaka 39 na uzito wa kilo 70. Nilinunua baiskeli ya gia ya mtumba, magurudumu ya inchi 26, springi mbele tu. Mwanangu Baraka ana miaka 12 na yake ni ya inchi 24. Huwa tunaingia msitu wa Karura kutokea Limuru Road. Kwenye barabara pana za msituni sina shida, na kwa kweli nimeupenda sana mchezo huu. Lakini njia ikiwa nyembamba na kuanza kuteremka kuelekea mtoni, yenye mizizi na mawe, mikono inanikaza, nabana breki, gurudumu la nyuma linaserereka, naishia kushuka na kusukuma huku Baraka akinisubiri chini. Muuzaji mmoja aliniambia tatizo ni baiskeli, ninunue yenye springi mbele na nyuma. Mume wangu naye ana wasiwasi na usalama wa msituni. Nifanye nini? Na tukishapazoea hapa, twende wapi? (Mama Baraka)

Jibu: Mama Baraka, hizo pesa za baiskeli mpya ziache zilipo. Kila ulichokieleza, kuanzia mikono kukaza hadi gurudumu la nyuma kuserereka, kinatokana na mambo matatu: macho yako yanatazama wapi, uzito wako umekaa wapi, na tairi zako zina upepo kiasi gani. Springi ya nyuma haigusi hata moja kati ya hayo. Ukipanda baiskeli ya bei mara tatu ya yako huku mwili umekaza vilevile, utaserereka palepale na utashukia palepale.

Tena springi ya nyuma si kitu cha kununuliwa kwa bei ya chini. Iliyotengenezwa vizuri huwa na mafuta ndani yake ya kuituliza isirushe, na viungo vyake hukaa kwenye beringi zinazohitaji kusafishwa na kubadilishwa. Kwenye baiskeli za bei nafuu mara nyingi utakuta koili tupu. Inabonyea, halafu inakurusha. Viungo vinalegea kwa matope ya msimu mmoja, na kipuri chake fundi wa mtaani hana. Karura nayo ni nchi ya mabonde, kila mteremko wa kwenda mtoni una kilima chake cha kutokea, kwa hiyo kila kilo iliyoongezwa kwenye baiskeli utaipandisha kwa mapaja yako mwenyewe. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na baadaye akashinda Tour de France mara nne, aliingizwa kwenye mchezo huu na David Kinjah, mwendesha baiskeli Mkenya, kwenye njia za udongo na vilima vya upande wa Kikuyu. Vilima vya aina hiyo ndivyo ulivyo navyo mlangoni kwako.

Ila mtumba ni mtumba, na kabla ya lolote nataka uikague baiskeli yako. Bana breki ya mbele, shika usukani, isukume mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga pale shingoni, beringi za usukani zimelegea, na hiyo si safari ya msituni hadi fundi aikaze. Inua gurudumu, lizungushe, litazame likipita kwenye breki. Likiyumba upande huu na upande ule, spoki zinahitaji kunyooshwa. Kisha chukua kitambaa, ufute fremu vizuri pale bomba za mbele zinapoungana chini ya usukani, na utafute mstari mwembamba wa ufa kwenye rangi au kwenye ulehemu. Ukiuona, usiipande tena hiyo baiskeli kwenye mteremko. Hapo ndipo ningekubali utoe pesa, na pengo lake linazibwa na fremu nyingine ya mtumba iliyo nzima.

Sasa upepo, kwa sababu ni kazi ya dakika tano na tofauti utaiona siku hiyohiyo. Mafundi wengi wa barabarani hujaza tairi hadi kidole gumba kishindwe kuibonyeza. Kwa anayekwenda kazini kwa lami ni sawa kabisa, maana tairi ngumu huenda mbali kwa nguvu kidogo. Msituni tairi hiyo inaruka kutoka mzizi hadi mzizi, inagusa ardhi kwa sehemu ndogo tu, na kila inaporuka hewani huna breki wala usukani. Tairi yenye upepo wa kadiri hujikunja juu ya mzizi, ikaukumbatia, ikapita. Kwa uzito wako, ukiwa na tairi za upana wa inchi 2.1 zenye tyubu, anza na pauni (PSI) 28 mbele na 32 nyuma. Baraka, akiwa na kilo arobaini hivi, anza naye 22 mbele na 25 nyuma. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ambayo mara nyingi ni 65, ni kikomo cha juu, haikuandikwa ili uifikie. Tumia pampu yenye geji, kwa sababu kidole hudanganya sana katika viwango hivi.

Usishuke chini mno pia. Tairi ikiwa laini kupita kiasi, ukigonga jiwe rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukibandua tyubu na kuona matundu ya namna hiyo, usihangaike kutafuta mwiba. Ongeza pauni mbili tatu.

Na ukishaligusa suala la tairi, tazama meno yake. Kama bajeti inaruhusu tairi moja tu mpya, iweke mbele. Gurudumu la nyuma likiserereka, unashtuka na kuendelea. La mbele likiserereka, umeshaanguka kabla hujajua.

Breki ndiyo inayokutisha zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Jambo la kwanza ni kujua mkono upi unashika gurudumu lipi. Baiskeli zilizotoka Uingereza kwa kawaida breki ya mbele huwa mkono wa kulia. Zilizotoka Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya huwa mkono wa kushoto. Kwenye mitumba yetu zote zimechanganyika, na sijui fundi aliyepita alibadilisha nini. Simama kando ya baiskeli, bana mkono mmoja, sukuma, ona gurudumu gani limekataa. Fanya hivyohivyo kwa ya Baraka. Kama ziko tofauti, mwambie fundi azifanye zifanane, kwa sababu siku mtakapobadilishana baiskeli kwa dakika tano, mmoja wenu atabana mkono asioukusudia katikati ya mteremko.

Kisha elewa kwa nini la nyuma linaserereka. Unapopunguza mwendo, uzito wako wote husogea mbele. Mteremko wenyewe nao umeshakusogeza mbele. Kwa hiyo gurudumu la nyuma linabaki jepesi, karibu halina kazi, na ukilibana kwa nguvu linasimama kuzunguka huku baiskeli ikiendelea kwenda. Tairi iliyokufa namna hiyo haikati kona na haisimamishi. Nguvu ya kweli ya kusimama iko mbele. Watu huiogopa breki ya mbele kwa sababu waliwahi kuona mtu akipinduka juu ya usukani, na kupinduka huko hutokea pale mikono ikiwa imenyooka, makalio yakiwa juu kitini, na breki ikibanwa ghafla. Ukiwa umekunja viwiko na magoti, ukaibana taratibu kwa kidole kimoja cha shahada, ukaongeza nguvu kidogokidogo, baiskeli inatulia na kusimama. Vidole vitatu vilivyobaki kazi yao ni kushika usukani.

Wakati wa kubana nao una maana kubwa. Punguza mwendo mapema, ukiwa bado umenyooka, kabla ya kona na kabla ya lile fungu la mizizi. Ukiingia ndani yake, legeza. Tairi ina uwezo wake wa kushika ardhi na uwezo huo ni mmoja. Ukiutumia wote kwenye breki, hakuna unaobaki wa kugeukia. Nakuomba hili ulifanyie mazoezi mahali peupe, kwenye kijiteremko cha murram kisicho na mizizi. Chora mstari kwa mguu, uje kwa mwendo wa kawaida, usimame hapo kwa breki ya mbele zaidi kuliko ya nyuma, bila gurudumu kufa. Rudia hadi vidole vifanye bila kuambiwa. Baraka ataigeuza mashindano, na umwache aifanye hivyo.

Mwili sasa. Kabla ya kushuka mteremko, simama kando, teremsha kiti kwa upana wa vidole vinne. Wengi hawafanyi hivi kwa sababu ya uvivu wa kufungua ile kabari, na ndio wanaoteseka. Kiti kikiwa juu kinakusukuma mbele kila gurudumu la nyuma linapopanda kitu. Kikiwa chini una nafasi ya kucheza. Simama juu ya pedali, zote mbili ziwe sawa, moja mbele moja nyuma, isiwepo iliyoning'inia chini kusubiri kugonga jiwe. Teremsha visigino kidogo. Kunja magoti, panua viwiko. Uzito wote uwe miguuni, mikono iwe inashika tu. Kipimo chake ni hiki: ukiwa unashuka, jaribu kuchezesha vidole juu ya usukani. Ukishindwa, bado umeegemea mikono, na mikono iliyoegemewa ndiyo hiyo inayokukaza.

Utasikia watu wakikwambia ukae nyuma kabisa, makalio juu ya gurudumu. Usiwasikilize. Mtu akirudi nyuma kiasi hicho, gurudumu la mbele linakosa uzito na linakwenda linakotaka lenyewe, na mikono inanyooka, tumerudi kulekule kwenye hatari ya kupinduka. Kaa katikati, kidevu kikiwa karibu na usawa wa usukani, na uachie baiskeli icheze chini yako. Kwenye mteremko mkali utarudi nyuma kidogo tu, kadiri ya kuhisi miguu bado imebeba uzito.

Nimeyaacha macho hadi hapa kwa sababu ndiyo makubwa kuliko yote, na ndiyo yanayosahaulika kwanza mtu akiogopa. Nina hakika, bila kukuona, kwamba ukifika kwenye ule mteremko unatazama mzizi ulio mbele ya tairi yako. Kila anayeanza hufanya hivyo. Shida ni kwamba baiskeli hufuata macho. Ukilikazia macho jiwe, mabega yanaligeukia, mikono inafuata, na utaligonga jiwe hilo hata kama kuna nafasi ya mita nzima kando yake. Pia, ukitazama karibu, kila kitu kinakujia kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayouambia mwili ukaze. Ukitazama mita sita, saba mbele, mwendo ni uleule lakini kila kitu kinakuja polepole, na unapata muda wa kuchagua.

Kwa hiyo fanya hivi. Juu ya mteremko simama. Utazame wote hadi chini. Chagua mstari utakaopita: hapa kulia kwa ule mti, pale katikati ya yale mawe mawili, kisha nje kwenye udongo laini. Ukianza, macho yaende kwenye lango la kwanza la mstari huo. Kabla hujalifikia, yahamie la pili. Mzizi ulio chini yako umeshauona sekunde mbili zilizopita, na tairi inajua la kufanya. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waseme kwa sauti wanakotazama, "mti, mawe, udongo," na sauti hiyo ina faida ya ziada: mtu anayesema anapumua, na anayepumua hakazi mabega.

Mizizi ina kanuni yake moja tu inayostahili kukaririwa, ipite kwa kuikata, usiipite kwa kuifuata. Mzizi uliolala kuvuka njia, tairi ikiukuta moja kwa moja, ni kizingiti kidogo. Mzizi uliolala kwa mshazari, tairi hupanda juu yake kisha huteleza kuufuata, na mvua ikiwa imenyesha, unateleza kama sabuni. Ukiuona wa mshazari, panua mstari wako mapema ili uufikie ukiwa umenyooka, achia breki zote mbili kwa ile nusu sekunde ya kuupita, na usipige kona juu yake. Kama hakuna nafasi ya kupanua, shuka utembee. Hakuna aibu yoyote katika kutembea mita kumi. Waendeshaji wazuri ninaowafahamu huzitembea, tena mara nyingi.

Usijaribu haya yote kwa siku moja. Jumamosi ya kwanza fanyieni kazi upepo na breki, mahali peupe. Inayofuata, mkae kwenye njia pana za Karura, ukisimama juu ya pedali kila panaposhuka, hata pasipo na haja. Kisha mrudi kwenye ule mteremko unaokuogofya, lakini uanzie chini: panda kwa miguu theluthi yake, geuza, shuka hicho kipande. Ukikizoea, ongeza kipande cha juu yake. Utafika kileleni ukiwa umeshaijua njia yote kwa miguu na kwa magurudumu, na siku utakayoanza kutokea juu hakutakuwa na kitu kigeni ndani yake.

Kupanda kutoka mtoni ni fundisho fupi. Badilisha gia kabla ya kilima, maana ukisubiri hadi miguu inagoma, cheni itakwaruza na pengine kukatika. Kaa kitini, sogea kwenye ncha yake ya mbele, inama, na ukanyage mduara ulio sawa. Ukisimama kwenye changarawe, gurudumu la nyuma hukosa uzito na kuzunguka bure.

Sasa udongo, na hapa nakuomba subira, kwa sababu jambo hili linanigusa. Ule udongo mwekundu wa Karura, uleule wa Kiambu na Kikuyu, ni mzuri ajabu ukiwa mkavu kiasi na una unyevu kidogo ndani yake. Mvua ya masika ikishanyesha, kati ya Machi na Mei, na ile ya vuli kuanzia Oktoba, unageuka utelezi unaojaza tairi hadi meno yasionekane. Watu husema wanasubiri kwa sababu ya kuchafuka. Sababu kubwa ni njia yenyewe. Tairi ikipita kwenye udongo uliolowa inaacha mfereji. Mvua inayofuata inaingia mferejini badala ya kutawanyika, inakwenda kwa kasi, inakwangua. Baada ya misimu michache njia ina korongo katikati, mizizi iko uchi, na wapita njia wanaanza kutembea pembeni juu ya miche michanga ili wakwepe. Gurudumu la nyuma linaloserereka linafanya kazi hiyohiyo hata wakati wa kiangazi, ndiyo maana breki zako ni jambo la msitu pia. Kipimo changu ni rahisi: ukibonyeza udongo wa njia kwa kisigino na alama ikabaki na maji ndani, kaeni kwenye barabara pana za changarawe siku hiyo, au mrudi nyumbani. Na dimbwi likiwa katikati ya njia, piteni katikati yake. Kulikwepa kunaipanua njia.

Naandika hivi kwa sababu msitu huu haukubaki hapo kwa bahati. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, una hekta zaidi ya 1,000, na katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wajenzi binafsi. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walikwenda kupanda miche ndani yake. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa mbele ya lango na walinzi waliokodiwa, na yeye akajeruhiwa kichwani. Mwaka huo wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliingia barabarani kuutetea. Wangari alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Ukipita kwenye kivuli cha muhugu, mti uleule wachongaji wanaoutafuta kwa vinyago, unapita mahali ambapo leo pangekuwa na ukuta wa mawe na lango la mtu.

Hilo linanileta kwa baba Baraka na wasiwasi wake, ambao ni wa haki. Aliyeijua Nairobi ya wakati ule anaukumbuka Karura kama mahali pa wezi na maiti zilizotupwa, na hakuna mzazi aliyempeleka mtoto huko. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango wa vyama vya jamii kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu kusimamia msitu. Chama cha Friends of Karura kikaundwa, uzio wa umeme ukazungushwa, vijana wa vijiji jirani wakaajiriwa kuwa askari wa msitu, na watu wakaanza kurudi. Leo Jumapili asubuhi utakuta familia, wakimbiaji na wazee na mbwa wao. Mwambie aje naye mara moja, ajionee kwa macho yake.

Hata hivyo kuna taratibu ambazo mimi sizivunji, na ningependa mzifuate. Ingieni asubuhi, mtoke kabla jua halijalegea. Msiachane zaidi ya umbali wa kusikilizana. Baraka akifika chini akusubiri mahali unapoweza kumwona. Njia panda za Karura zina namba kwenye nguzo. Kila mnapozipita, mmoja wenu aisome kwa sauti. Mtu akianguka na kuvunjika mkono, askari atafika haraka sana mkimwambia mko kati ya namba fulani na namba fulani kuliko mkimwambia mko karibu na mianzi. Fuateni alama za njia za baiskeli. Upande wa maporomoko ya maji na mapango kuna ngazi na watu wengi, watoto wakikimbia huku na huko; pale mwache baiskeli juu na mshuke kwa miguu. Mapango hayo Mau Mau waliyatumia, na Baraka yuko kwenye umri wa kuuliza maswali mazuri.

Anayetembea ana haki ya njia, kila wakati. Piga kengele ukiwa mbali, punguza mwendo, msalimie, pita. Salamu inafanya kazi kubwa kuliko kengele, kwa sababu mtu aliyeshtuliwa na baiskeli leo ndiye atakayeandika malalamiko kesho, na njia za baiskeli zinaweza kufungwa. Anayepanda kilima apishwe na anayeshuka.

Wanyama hawatawasumbua mkiwaacha. Kima wamezoea watu, kwa hiyo chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa. Mbega, wale weusi wenye mkia mrefu mweupe, walirudishwa Karura kuanzia mwaka 2014 kutoka upande wa Kipipiri, na ukisimama kimya chini ya miti mirefu ya asili utawaona wakiruka. Mara nyingine paa mdogo au pongo atakatiza njia. Breki laini, macho kwenye njia, mwache apite. Baada ya mvua angalieni siafu kabla ya kuweka mguu chini, na msijitupe kichakani ovyo, thabai inawasha hadi jioni.

Helmeti sizungumzi sana kwa sababu hapo hakuna mjadala. Nunua mpya, zako wewe na mtoto, kwa zile pesa ulizotaka kununulia springi. Ya mtumba huijui ilishaanguka mara ngapi, na povu lake likishapasuka ndani, nje haionekani. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ubakize nafasi ya kidole kimoja chini ya kidevu. Ongeza glavu, maana kiganja ndicho kinachotangulia chini.

Mkoba wako uwe na tyubu moja ya kila saizi, pampu, vijiti viwili vya kubandulia tairi, spana za L, maji ya kutosha, ndizi na njugu. Jifunzeni nyote wawili kubadilisha tyubu nyumbani, sebuleni, kabla hamjalazimika kufanya hivyo kwenye matope. Na kwenye baiskeli ya Baraka kuna kijiskrubu kidogo karibu na mkono wa breki. Kizungushe ndani hadi kidole chake kifike bila kunyoosha kiganja. Watoto wengi hubana breki kwa ncha za vidole kwa sababu ya kijiskrubu hicho tu, na wazazi hudhani wana papara.

Uliuliza mwende wapi baadaye. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ndiyo ningeiweka ya kwanza. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1984, ina kilomita za mraba 68, na ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo mtoto wa miaka 12 anaweza kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Njia ni pana, haina ufundi mwingi, bali ni ndefu na haina kivuli. Nyati wapo, kwa hiyo hamkaribii vichaka vizito. Baada yake, mkiwa mmeiva kwa mizizi, kuna msitu wa Kereita kwenye miinuko ya Kikuyu, ambao uko juu zaidi na una baridi, ukungu na miteremko ya kweli. Huko nendeni na mwongozaji, tembo hupita. Na Baraka akishakuwa kijana, upande wa Tanzania njia ya Kilema ya Mlima Kilimanjaro imefunguliwa kwa baiskeli, kwa kibali na waongozaji.

Kwa Hell's Gate fikeni langoni asubuhi lango linapofunguliwa, mkiwa na maji lita mbili kila mmoja. Upepo wa bondeni huanza mchana, na unaweza kuwa usoni mwenu wakati wa kurudi. Mawingu yakitanda upande wowote wa milima, msishuke kwenye korongo la hifadhi hiyo, hata kama mahali mlipo jua linawaka, kwa sababu maji hujaa humo ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mbali.